Jibu kwa Kilua, Kuhusu Saruji

Kilua, hela zimefika.
Mifuko arobaini, umeandika, na bati geji ishirini na nane,
na nisimpe fundi Mhando pesa mkononi maana ana kiu.
Nimekusikia.
Mawe ya msingi nimenunua, na chokaa madebe sita.
Saruji sijanunua.

Usinipigie simu kwanza. Soma.

Jumatatu tulianza kuvunja jiko la mama.
Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja: ukuta mkongwe,
umepinda kama mgonjwa anayepapasa ukingo wa kitanda.
Tulipiga sururu hadi adhuhuri.
Ukatoa vumbi tu, ukitucheka.
Mhando akaweka sururu chini, akamega kibonge,
akakitia mdomoni,
akatafuna taratibu, kama anayeonja mchuzi wa mke wa mtu.
"Udongo huu haukuchimbwa hapa," akasema.
"Huu ni wa kichuguu. Nani aliubeba?"

Ni nani, Kilua?
Ndoo isiyo na mkono, kamba ya katani iliyotukata viganja,
kutoka nyuma ya shamba la mkonge
hadi hapa Kirare, safari ngapi sijui,
mimi na wewe na Sefu.
Mama akikanyaga, kanga kaipandisha magotini,
akitukemea: udongo uwahi ungali maji!
Nasi tukidhani anasema udongo.

Basi tukaacha sururu.
Tukaumwagia ukuta maji, ndoo kwa ndoo,
tukaufunika magunia, tukaenda kula.
Jumanne ulikuwa umelegea wenyewe.
Nikawa nabandua kwa mikono,
nyuzi za katani zikitoka ndani bado nyeupe,
kana kwamba zilianikwa juzi.

Tabaka la juu lilipoachia, pale fito zinapopishana,
nikakuta kiganja.
Kidogo. Vidole vinne.
Kile cha shahada hakipo,
maana kinu cha miwa kilishakila.

Nilikaa chini.
Mhando hakuuliza kitu.
Alikwenda kutafuta maji, na pipa lilikuwa limejaa.

Tuna picha ngapi za Sefu, Kilua?
Miaka thelathini na moja
nimeegemeza sufuria
juu ya mkono wake.

Nilitaka kukikata kile kipande, nikiweke kwenye boksi la viatu.
Jua lilipokigusa kikapasuka.
Kwa hiyo nimefanya hivi, nawe utakasirika au utanisamehe:
nimekiloweka.
Nimekikanyaga pamoja na kingine chote,
nikatia mchanga, samadi ya ng'ombe wa Singano,
katani mpya iliyokatwa urefu wa shubiri,
nikakanyaga mpaka udongo ukaacha kunata kisiginoni
ukaanza kunijibu.

Bati zako tutaezekea. Sina wazimu, mvua ya Tanga naijua.
Upenu nitautokeza hatua nzima,
na mawe yatapanda hadi magotini
ndipo udongo uanze.

Bi Mwanahawa alipita, akasimama njiani:
"Mdogo wako yuko Dar, nawe wajenga nyumba ya kimaskini?"
Nikamwambia aende akakae sebuleni kwake saa nane mchana,
katikati ya yale matofali ya bloku, kisha aje tuzungumze.
Hakurudi.
Ila jana alimtuma mjukuu kuomba chumvi,
na mjukuu alikuja na miguu miwili,
ikatukanyagia hadi magharibi. Chumvi akaisahau.

Njoo Ijumaa.
Chumba cha nyuma, kimo cha bega lako,
nimeacha mahali hapajakandikwa.
Usije na viatu vya ofisini.
Nimefunika kwa magunia, nanyunyiza asubuhi na jioni,
lakini jua la huku unalijua,
siwezi kulizuia zaidi ya hapo.

Na hela iliyobaki ya saruji nimempa Mhando.
Mkononi.